Chungu cha Kumi na Tano

Darsa ya akina mama, Ngamiani, Tanga, baina ya adhuhuri na alasiri

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wasichana mliokaa kule mlangoni ili mpate kuchomoka upesi, nawaona. Sogeeni, mikeka ya mbele mitupu. Chungu cha kwanza, yaani siku ya kwanza ya mfungo, tulibanana humu mpaka wengine wakakaa barazani. Mtu akinyanyuka kwenda kutawadha, akirudi anakuta pake pana mwenyewe. Leo nimehesabu kabla sijaanza: ishirini na watatu. Sisemi kwa kulaumu. Mimi mwenyewe nimekuja kwa kujikokota. Nimeswali adhuhuri, nikajinyoosha "kidogo tu", na kama si mjukuu wangu kunivuta kidole cha mguu, saa hizi mngekuwa mnatazamana.

Leo chungu cha kumi na tano. Wenzetu husema tarehe, sisi watu wa pwani tunauliza, "Leo chungu cha ngapi?" Hata mwezi haujaandama tunaupokea kwa kuvunja jungu. Basi mtu akitaka kujua mwanamke wa huku anachokea wapi Ramadhani ikifika kati, jibu limo ndani ya lugha yenyewe. Anachokea chunguni. Hilo nitalirudia, maana ndilo lililonileta.

Mnakijua kile kisa cha Juha. Kila siku ya mfungo alikuwa akitia kijiwe kimoja chunguni, apate kujua mwezi umefika wapi. Binti yake akamwona, akadhani ni mchezo, akamimina konzi nzima ya vijiwe. Watu wakaja kumwuliza leo chungu cha ngapi. Juha akaenda kuhesabu, akapata mia na ishirini. Akaona haya, akawajibu, "Leo cha arobaini na tano." Wakamcheka mpaka basi. Akawaambia, "Mnanicheka, nami nimewapunguzia?" Jamani, wiki hii mwili wangu unahesabu kwa chungu cha Juha. Tumefunga kumi na nne na nusu, miguu inasema mia na ishirini.

Juzi kaja mama mmoja nyumbani, jina lake halituhusu. Kakaa, kanyamaza, halafu kasema, "Mwalimu, mimi naona nimekuwa mnafiki. Siku tatu za mwanzo nililia katika tarawehe. Sasa nasimama nahesabu rakaa zilizobaki. Imamu akirefusha, namchukia."

Nikamwambia, maneno yako haya yana umri mkubwa kuliko wewe. Yalisemwa Madina. Hanzala, naye alikuwa katika waandishi wa Mtume (s.a.w.), alikutana njiani na Abubakari, swahiba mkuu wa Mtume. Abubakari akamwuliza hali. Akajibu, "Hanzala kawa mnafiki." Subhanallah, unasema nini? Akasema: tunapokuwa kwa Mtume akatukumbusha Moto na Pepo, huwa kama tunaviona kwa macho, tukishatoka kwake tunashughulika na wake na watoto na mashamba, tunasahau mengi. Sasa sikilizeni Abubakari alichosema. Hakusema "Mche Mungu ewe Hanzala." Alisema, "Wallahi, na sisi yanatukuta hayo hayo." Abubakari huyo! Wakaenda wote wawili. Mtume akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo kwake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. "Lakini, ewe Hanzala, saa na saa." Akalirudia mara tatu. Imo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim.

Saa na saa. Kuna saa ya kulia, na kuna saa ya kumtafuta mtoto aliyepotelea kwa jirani huku muhogo unaungua.

Ninalotaka kuwaambia leo ni hili. Msiende kuutafuta usiku wa kwanza. Umekwisha. Ule moto wa mwezi mpya, kanzu na baibui zimepigwa pasi, watoto wanapiga makelele, kila mtu anamwomba mwenziwe radhi kwa simu, ule ni zawadi ya mlangoni. Nawaona watu wakifika kati hujilaumu kwa kuwa hawausikii tena, halafu katika kujilaumu huko wakaacha hata kile kidogo walichokuwa nacho. Kuchoka hakukuwavunja. Wamevunjwa na ile aibu ya kuchoka.

Imepokewa kutoka kwa Abdallah bin Amri kwamba Mtume (s.a.w.) alisema kila amali ina mori wake, na kila mori una kulegea kwake, ambaye kulegea kwake kumeangukia kwenye sunna yangu, huyo kaongoka. Hebu liangalieni neno hilo. Hakuuliza kama utalegea. Kulegea kumeshahesabiwa. Swali ni unaangukia wapi. Mtu akichoka akaacha rakaa za ziada akabaki na faradhi zake kwa wakati, kaangukia kwenye mkeka. Akichoka akalala hadi jua linachomoza, kisha mchana kutwa tamthilia na kusengenya, huyo kaangukia sakafuni, tena ya saruji.

Na kuna ile kamba. Hii hadithi naipenda, naomba msisinzie. Anasi anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, kamba gani hii? Wakamwambia ni ya mkewe, bibi Zaynabu, akichoka katika swala hujishikilia. Mimi na wewe tungesema mashaallah, mwanamke wa shoka huyo, tungempiga picha tuwatumie wenzetu kwenye kundi. Mtume akasema, "Ifungueni." Kisha akasema, mmoja wenu aswali akiwa na nguvu zake, akichoka akae.

Ifungueni! Na sisi tunazo kamba zetu. Kuna anayejishikilia kwa vikombe vitatu vya kahawa chungu baada ya isha, halafu saa tisa ya usiku macho kodo kama bundi, daku hana hamu nalo, alfajiri kichwa kinamgonga. Kuna aliyeweka nadhiri ya kukhitimu Qur'ani mara tatu kwa sababu wifi yake kasema amekhitimu mara mbili. Mwengine anakwenda msikiti wa mbali wanaoswali ndefu, ilhali goti linamuuma na msikiti uko nyuma ya nyumba yake. Na msiniulize tarawehe ni rakaa nane au ishirini. Mjadala huo leo siugusi, nataka nifike kwangu salama.

Sasa turudi chunguni.

Nitawaelezea alasiri ya mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi, wiki ya kwanza ya mwezi huu. Saa tisa na nusu nimetoka Mgandini na kapu. Nazi nne. Muhogo, magimbi, ndizi mbivu, mbaazi zimerowekwa tangu usiku. Saa kumi nimekaa juu ya mbuzi nakuna, jasho linanitiririka mgongoni. Unga wa kaimati umeumuka unafurika bakuli. Uji uko jikoni, unataka kukorogwa usishike chini. Sambusa hazijafungwa. Kuna sahani ya kupeleka kwa jirani wa kulia, na ukipeleka kulia na kushoto upeleke. Saa kumi na mbili na robo karai la mafuta lipo motoni, kaimati zinageuka moja moja, mkono mmoja una upawa na mwengine unapepea moshi. Mara adhana. Allahu akbar. Tende iko wapi? Nimeitia mdomoni nimesimama, vidole vina shira, na sikusema hata ile dua ya kufuturu, "Allahumma laka sumtu", mpaka nilipokuwa natafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Na saa ile ndiyo saa yenyewe! Dakika zile kabla ya kufuturu dua ya aliyefunga inatarajiwa kukubaliwa. Fungueni Suratul Baqara. Aya za funga zinaanzia ya 183 zinamalizikia ya 187. Humo mna mgonjwa na msafiri, mna fidia, mna uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Halafu katikati, aya ya 186, imekaa aya isiyotaja njaa wala futari: na waja wangu wakikuuliza juu yangu, basi mimi niko karibu, naitikia maombi ya mwombaji anaponiomba. Mola kaiweka kati ya hukumu za funga. Mimi nikaweka kaimati hapo.

Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Anasi, alikuwa akifuturu kwa tende mbivu kabla hajaswali, kama hakupata, tende kavu, kama hakupata, mafundo ya maji. Sisemi tule tende na maji tulale. Nitapigwa na waume zenu. Muhogo wa nazi ni neema, na aliyeshinda anabeba magunia bandarini anataka kitu kizito tumboni. Ila mimi tangu chungu cha nane nimeweka sharti nyumbani kwangu: cha nazi kimoja, cha kukaanga kimoja, uji, basi. Leo kaimati, kesho sambusa. Robo saa kabla ya adhana jiko linazimwa, kilichoiva kimeiva. Siku ya kwanza mume wangu kaangalia mkeka, kauliza, "Tuna msiba?" Siku ya tatu hakuuliza tena. Na ile robo saa nakaa kibarazani na tende mkononi, naomba kwa Kiswahili changu hiki hiki, nawataja watoto mmoja mmoja kwa majina. Hakuna kilichonirudishia Ramadhani yangu kama robo saa ile. Si darsa, si mawaidha ya kwenye simu, wala si haya ninayowaambia nyinyi.

Na wanaume wakune nazi. Nimesema.

Kuna jambo wanawake tunaoneana haya kulitaja, nami nitalitaja kwa sababu tuko wenyewe. Wengi hapa mwezi unapofika kati wameshaingia au wanaingia katika siku zao. Siku tano, sita, saba. Hufungi, huswali. Na unaporudi unajiona umeachwa na msafara. Msichana mmoja aliniambia, "Nikiwa katika siku zangu najihisi kama Ramadhani ni ya watu wengine." Mwanangu, aliyekuwekea funga ndiye aliyekuondolea. Kuacha kwako ni utiifu kama kufunga kwako. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alisema walikuwa wakiamrishwa kulipa funga na hawaamrishwi kulipa swala, na yeye mwenyewe deni lake alikuwa akilipa mpaka katika Shaabani. Ulimi haukufungwa: istighfari, salawati, dua, kusikiliza Qur'ani ikisomwa, vyote vimebaki.

Na jambo jingine. Walikuwa safarini na Mtume, siku ya jua kali, wengine wamefunga, wengine hawakufunga. Walipotua, waliofunga wakaanguka chini kwa uchovu. Wasiofunga wakasimama, wakapiga mahema, wakanywesha wanyama maji. Mtume (s.a.w.) akasema, "Leo wasiofunga wameondoka na ujira." Basi wewe uliye katika siku zako ukamwambia mama mkwe wako, "Mama, leo kapumzike, jikoni nipo mimi," unapiga mahema. Uliyefunga nawe usimdharau. Usimwonee jicho anapokunywa maji nyuma ya pazia.

Juu ya msahafu nitasema kidogo. Msahafu wa Madina una kurasa 604, juzuu thelathini, kila juzuu kurasa ishirini hivi. Anayetaka kukhitimu mwezi huu husoma kurasa nne kila baada ya swala ya faradhi. Sawa. Lakini najua humu kuna waliokwama juzuu ya nne tangu wiki iliyopita, na kila wakiuona msahafu pale kabatini wanageuza uso kama mtu aliyemwona mdai wake. Wewe soma kurasa mbili kila baada ya swala. Mpaka Idi utakuwa umesoma kiasi cha juzuu saba na nusu. Hutakhitimu, na hakuna aliyekulazimisha. Amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu japo iwe kidogo. Hilo tumelipata kwa Bibi Aisha, na Bukhari na Muslim wote wamelipokea.

Wale mnaokwenda juzuu kwa siku, kesho mnafungua ya kumi na sita. Mnajua inaanza na neno gani? Iko ndani ya Suratul Kahf, aya ya 75, yule mja mwema anamwambia Musa, "Je, sikukuambia kwamba hutaweza kuvumilia pamoja nami?" Mtu uko chungu cha kumi na sita, midomo imekauka, unafungua msahafu unaulizwa swali hilo! Mimi kila mwaka nacheka peke yangu. Na ukurasa mmoja nyuma, sura hiyo hiyo, Musa alimwambia kijana wake, tupe chakula chetu cha mchana, hakika safari yetu hii imetuchosha. Nabii anasema amechoka, na Qur'ani imeandika, haikumsitiri. Tena humo humo, katika kisa cha vijana wa pangoni, mna lile neno "walyatalattaf", ambalo wanazuoni wamelihesabu kuwa ndipo nusu ya herufi za Qur'ani inapofika. Baadhi ya misahafu hulichapa kwa wino mwekundu. Maana yake, na awe mpole, afanye kwa upole. Walikuwa wanamtuma mwenzao sokoni kununua chakula.

Usiku wa kuamkia keshokutwa ni wa kumi na saba. Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria, ndiyo siku ya vita vya Badri. Tunaisimulia sana kwa panga na malaika. Mimi nataka mtazame mambo mawili madogo. Kwanza, funga ilikuwa imefaradhishwa mwaka ule ule. Ile ilikuwa Ramadhani ya kwanza ya faradhi tangu umma huu uwepo, na ilipofika kati, mambo yakawa hayo. Hawakupata mazoezi. Waislamu 313 hivi mbele ya maadui kama 1000. Ngamia walikuwa 70, kwa hiyo walipokezana, ngamia mmoja watu watatu au zaidi. Mtume (s.a.w.) alikuwa zamu moja na Ali na Abu Lubaba. Zamu yake ya kutembea ilipofika wakamwambia, panda, sisi tutatembea badala yako. Akawajibu, nyinyi hamna nguvu kunishinda mimi, wala haja yangu ya ujira si ndogo kuliko yenu. Akashuka. Kwa hiyo hata njia ya Badri kulikuwa na saa ya kupanda na saa ya kukanyaga mchanga.

La pili, usiku wa kuamkia vita Mwenyezi Mungu aliwateremshia nini? Suratul Anfal, aya ya 11: usingizi, uwe utulivu kutoka kwake, na mvua ya kuwasafisha. Usingizi! Basi dada yangu unayelala saa saba kwa sababu ya simu halafu unashangaa moyo umekuwa mkavu, huenda moyo hauna tatizo lolote. Una deni la usingizi la siku kumi na nne. Lala baada ya isha na tarawehe, amka saa kumi ule daku, na mchana jinyooshe kabla ya adhuhuri. Iman nyingi tunazodhani zimeshuka ni macho tu yanataka kufumba.

Namalizia, maana naona mnatazama saa, na mimi pia nina mbaazi.

Leo usiku, baada ya tarawehe, imamu atasimama katika rakaa ya mwisho ya witri, atainuka kutoka rukuu, na badala ya kwenda sijida ataleta kunuti, ile dua ya kusimama. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii ndivyo tunavyofanya: kunuti ya witri tunaileta nusu ya pili ya mwezi, na imesimuliwa hivyo juu ya Ubayyi bin Kaab alipokuwa akiwaswalisha watu zama za Omari. Kila mwaka kuna mtoto anayeshuka sijida peke yake, halafu anainuka mbio akitazama huku na huku. Tangu nikiwa na umri wao, kunuti ndiyo saa yangu ya kujua kwamba mwezi umepinduka.

Ile dua, Mtume (s.a.w.) alimfundisha mjukuu wake Hasani. Tunaisoma kwa haraka hatuisikii. Imamu anasema, "Allahummahdinaa fiiman hadayt." Tuongoze katika wale uliowaongoza. "Wa aafinaa fiiman aafayt." Tupe afya katika wale uliowapa afya. Fiiman, katika wale, miongoni mwa wale. Haombi daraja ya peke yake. Anaomba aingizwe kundini, apenyezwe kwenye safu iliyokwisha kusimama. Mtu mwenye nguvu zake pengine asingeomba hivyo. Kwa aliyechoka, dua hii imemkaa kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Njooni leo. Asiyeweza ishirini aje kwa nane, asiyeweza nane aswali isha yake nyumbani aje kwenye witri. Asiyeweza kusimama viti vipo, nimewaambia vijana waviweke ukutani upande wetu. Wasichana wa mlangoni, nyinyi mtakaa na bibi zenu muwashikilie viatu visipotee kama juzi.

Jana magharibi nilikuwa namweleza jirani yangu habari hii ya kunuti, bibi wa miaka themanini na kitu, macho yamefifia. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi ile dua ndefu siijui, nilisahau zamani. Nitasema nini?"

Nikamwambia, "Bibi, imamu akiomba wewe itikia amina."

Akafikiri kidogo, akaweka kikombe chini. "Hiyo," akasema, "naiweza."